Ubao Uliolegea Jikoni

Arnetta Gaines alijua kuna jambo pale alipoliona pazia.

Lilikuwa pazia zuri la buluu, zito, limeshonwa vizuri. Katika miaka ile ya vita, hata misumari ya kujengea kuta za bandia studioni iliokotwa, ikanyooshwa na kupigiliwa upya, kwa hiyo mchezaji mmoja kupewa pazia zima peke yake kungeonekana heshima kubwa. Wasichana wengine walimwonea kijicho. Lakini Arnetta alikuwa amekaa Los Angeles muda wa kutosha kujua kwamba studio haikupi kitu bure. Pazia lingefunguka, yeye angetoka, angecheza dansi yake ya kugonga viatu, angeinamisha kichwa, na pazia lingefungwa. Hakuna ambaye angemsalimu. Nyota wa filamu, Maribel Hayes, angekuwa amekaa mezani upande wa pili wa ukumbi, akimtafuta mchumba wake baharia, na kamera isingewaweka hao wawili pamoja hata mara moja.

"Ni kwa sababu ya majimbo ya Kusini," Bwana Kessler, mwalimu wa dansi, alimweleza bila kuona haya. "Wenye majumba ya sinema kule hawataki kumwona mtu mweusi kwenye filamu kama hajabeba sinia. Basi wanakata pale pazia linapofunguka, wanaunga pale linapofungwa, hadithi inaendelea. Hakuna anayepoteza kitu."

"Isipokuwa mimi."

"Wewe utalipwa vilevile, Arnetta. Na New York watakuona. Chicago watakuona. Unataka nini tena?"

Arnetta hakuwa na mtu New York. Mtu wake alikuwa Tarlton, Mississippi, akipiga pasi mashati ya watu.

Mama yake, Luvenia Gaines, alikuwa amepiga pasi maisha yake yote, na alikuwa na namna yake: alisimama na meza yake dirishani, mgongo kwa jiko, macho kwenye kola. Arnetta alijifunza kucheza nyuma ya mgongo ule. Baba yake alifanya kazi ya usiku kwenye reli na kulala mchana chumba cha pili, na katikati ya sakafu ya jikoni kulikuwa na ubao uliolegea ambao ukikanyagwa sawasawa ulipiga kelele ya kumwamsha mzee. Mtoto akagundua mwenyewe la kufanya. Akifika kwenye ubao ule hakuugonga, aliukwaruza, kisigino cha kushoto kikapita juu yake taratibu, kikachelewa kidogo, ndipo akaendelea. Mama hakugeuka kumtazama. Alisikiliza tu. Ubao ukilia alisema, "Mguu huo," na pasi ikaendelea. Baba alishafariki na hakuna tena wa kuamshwa, lakini mguu wa Arnetta haukuwahi kupata habari hiyo. Walimu wote wa dansi wa Los Angeles walijaribu kumwondolea mkwaruzo ule, wakachoka wakamwachia.

Sasa mama huyo alikuwa amesikia kwamba binti yake yumo kwenye filamu, na kanisa zima lilikuwa limesikia kutoka kwake.

Simu ilikuja siku ya pili baada ya habari ya pazia, kwenye nyumba ya kupanga ya Arnetta. Luvenia hakuwa na simu. Alipiga kutoka ofisini kwa Bwana Purnell, muuza majeneza, mtu mweusi pekee wa Tarlton mwenye chombo hicho.

"Arnetta? Paza sauti, mwanangu, hapa kuna watu."

"Watu gani, mama?"

"Wazima wengi na maiti mmoja. Huyo usimjali, hasikii. Mchungaji Tisdale yupo, anakusalimu. Dada Beulah yupo, naye anakusalimu kwa shingo upande. Anasema watu wa sinema ni waongo, ataamini siku atakapokuona kwa macho yake."

Sauti ya Dada Beulah ilisikika kwa mbali: "Nimesema hivyo na sirudi nyuma."

"Umeisikia. Sasa mimi nimemwambia, filamu ikifika hapa roshani yote ni yetu. Kwaya wanakuja, akina mama wa jikoni wanakuja, hata Purnell anafunga ofisi. Nawe utapanda treni uje ukae karibu nami. Nataka nikuone huko juu na hapa chini kwa wakati mmoja."

Arnetta aliuegemea ukuta. "Mama, sikiliza. Filamu, wakati mwingine, hukatwa."

"Ikikatika si wataiunga. Mbona kamba yangu ya kuanikia hukatika kila juma."

"Hapana, nina maana wenyewe wanaweza..."

"Purnell ananionyesha saa. Utakuja?"

Kulikuwa na kwaya nzima kwenye simu ile, na maiti. Mtu angesemaje? "Nitakuja, mama," alisema Arnetta, kisha akakaa kwenye ngazi, kichwa kati ya mikono, akajiona mpumbavu wa kupigiwa mfano.

Usingizi ukawa adimu. Aliogopa kitu kimoja tu, lakini alikiogopa kwa kila namna: mama yake, na kofia yake ya Jumapili, amekaa katikati ya watu wote aliowahi kuwajua, anangoja, na filamu inakwisha. Alijaribu kukasirika na studio, na alikasirika, ila hasira haikumsaidia kupumua. Mchana alikosea hatua ambazo angeweza kuzicheza huku akila mkate.

Ndipo akapata wazo la kofia.

Maribel Hayes alikuwa msichana wa Ohio, mwenye nywele za rangi ya mahindi na moyo mwepesi wa mtu ambaye mambo humnyookea. Kuimba aliweza. Kucheza kulimpa taabu, na kila Kessler alipokwenda kuvuta sigara alikimbilia kwa Arnetta nyuma ya kuta za mbao kuomba msaada. Arnetta alimsaidia. Siku ile, walipomaliza kurudia mzunguko ambao Maribel aliukosea daima, Arnetta akasema kama mtu anayesema la kupita tu:

"Bi Maribel, ile kofia yangu nyekundu ya kuchezea. Mwisho wa dansi yangu nikikurushia mezani, wewe ukaidaka na kuivaa, itapendeza."

Maribel aliichukua, akaijaribu mbele ya kioo, akageuka kulia na kushoto. "Itanikaa?"

"Imeshakukaa."

"Kessler," Maribel akaita kabla hata mwalimu hajazima sigara, "nimepata wazo."

Ndivyo ilivyokuwa. Wazo likawa la Maribel, na kwa kuwa lilikuwa la Maribel likapendwa. Likapendwa kupita kiasi. Mwongozaji aliamua kwamba kuanzia hapo nyota atabaki na kofia ile kichwani, na kwamba baharia, akiingia ukumbini penye wasichana mia, atamtambua mchumba wake kwa kofia nyekundu. Siku hiyohiyo mwandishi akaandika upya maneno. Arnetta alisimama pembeni, akihesabu ushindi wake kimoyomoyo. Kabla ya pazia, Maribel yu kichwa wazi. Baada ya pazia, ana kofia, na hadithi nzima inaning'inia kwenye kofia hiyo. Sasa wakate, wataulizwa imetoka wapi.

Siku ya kupiga picha, santuri iliwekwa, muziki ukajaa ukumbi, Arnetta akacheza. Alicheza vizuri, naweza kusema alicheza vizuri kuliko alivyowahi kucheza, na mwisho akairusha kofia nje ya macho ya kamera, kuelekea meza ambayo Maribel hakuwepo, kwa sababu Maribel angepigwa picha yake kesho yake, peke yake, akidaka kofia atakayorushiwa na fundi wa taa. Arnetta aliliona hilo. Likampa wasiwasi kidogo, akalifukuza. Kofia ni kofia, alijiambia, haiwezi kuota kichwani.

Aliporudi kwake alipiga simu kwa Purnell mwenyewe, akamwachia mama ujumbe: waambie watu waje.

Majuma machache baadaye studio ilimwita tena, mlango wa nyuma, kazi isiyotajwa kwa jina.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mchezaji anapopigwa picha, sauti ya viatu vyake haichukuliwi; santuri inalia, mwongozaji anapiga makelele, mafundi wanasukuma kamera. Mlio wa viatu hurekodiwa baadaye kwenye chumba kimya, mchezaji akijitazama kwenye skrini na kujifuata mwenyewe. Maribel alikuwa amejifuata siku mbili na kujikosa siku zote mbili. Mkanda wa filamu ulikuwa wa mgao, umeme ulikuwa wa mgao, na mkuu wa sauti, Bwana Lindqvist, mzee mwembamba asiyecheka, alikuwa amekwishiwa na uvumilivu.

"Utagonga kwa ajili yake," alimwambia Arnetta, akimwonyesha ubao mpana uliolazwa sakafuni na kipaza sauti kilichoning'inia karibu na vifundo vya miguu. "Dansi ya mwisho yote. Lakini neno hili halitoki humu. Si kwa rafiki, si kwa ndugu, si kanisani. Likitoka, hutapata kazi tena studio yoyote ya mji huu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Sema naapa."

Arnetta akaapa. Alihitaji kazi, na kwa wakati ule siri ile ilionekana ndogo kuliko ile aliyokuwa nayo tayari.

Taa zikazimwa, Maribel akatokea ukutani na kofia nyekundu kichwani, akitabasamu kwa meno yote. Arnetta akaifuata ile miguu ya mwenzake, pigo kwa pigo. Haikuwa rahisi, Maribel alichelewa hapa, akawahi pale, na Arnetta ilimbidi akosee pamoja naye kwa ufundi. Kisha ukaja ule mzunguko. Gauni la Maribel likafunguka duara, likafunika miguu yote, na kwa muda ule hapakuwa na cha kufuata. Mguu wa Arnetta ukafuata ulichokijua. Gonga, gonga, kisha kisigino cha kushoto kikakwaruza, kikachelewa, kikatua.

Lindqvist akasimamisha mashine. "Nini hicho?"

"Samahani, Bwana. Ni mazoea. Nirudie?"

Mzee aliisikiliza tena kwenye vifaa vya masikioni, akafumba macho. "Miguu haionekani pale," alisema hatimaye. "Na kimekaa vizuri. Acha. Ila wimbo ukirudi mahali hapo, nawe ukirudie, kila mara. Isionekane kama kosa."

Akaurudia, kila mara wimbo uliporudi. Aliporudi kwake hakulifikiria tena jambo lile. Alikuwa akiifikiria kofia.

Filamu ilifika Tarlton majira ya kuchipua. Arnetta alisafiri kwenye behewa la watu weusi, nyuma tu ya injini, masizi yakimwingia machoni, amebanwa kati ya askari waliolala wamekaa. Kila kituo alichokipita kuingia Kusini kilimwondolea imani kidogo. Huku mbali na studio, hesabu yake ya kofia ilianza kuonekana kama hesabu ya mtoto. Hata hivyo aliishikilia, maana hakuwa na nyingine.

Luvenia alikuwa kituoni. Alikuwa amekonda, na vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa miaka ya kushika pasi, lakini alivaa kofia mpya yenye ua, na glavu.

"Umekuwa mwembamba," alisema.

"Wewe je, mama?"

"Mimi sili ili niingie kwenye gauni. Wewe una sababu gani?"

Arnetta aliichukua nafasi hiyo, au alijaribu. Walipokuwa njiani kuelekea jumba la sinema walikuwa peke yao kwa mara ya kwanza. "Mama, kama leo mambo hayataenda kama tulivyosema, utanisamehe?"

Luvenia akamtazama vizuri. "Umeua mtu?"

"Hapana."

"Basi tembea, tutakosa viti."

Ngazi ya watu weusi ilikuwa nje, ubavuni mwa jengo, ya mbao, inaingia moja kwa moja roshani. Juu kanisa zima lilikuwa limeshafika. Mchungaji Tisdale alisimama akampa Arnetta mkono mbele ya watu wote. Akina mama wa kwaya walimshika mashavu. Bwana Purnell alikuwa amevaa suti yake ya mazishi, na kwa kweli hakuwa na nyingine. Dada Beulah alikaa kiti cha nyuma yao kabisa, mikono juu ya mkoba, tayari kutoa ushahidi.

"Haya, Hollywood," alisema. "Macho yangu haya hapa."

Filamu ikaanza. Arnetta hakuona chochote cha nusu saa ya kwanza. Aliona tu mikono ya mama yake yenye glavu, imetulia mapajani, na alisikia pumzi yake mwenyewe. Chini, weupe wa Tarlton walicheka kwa baharia, walicheka kwa mpishi. Maribel aliingia ukumbi wa askari, kichwa wazi. Akakaa mezani. Tarumbeta zikapanda, zile tarumbeta ambazo Arnetta alizijua kwenye mifupa, na upande wa kushoto wa skrini ukaonekana ukingo wa buluu wa pazia.

"Sasa," alinong'ona bila kujua.

Kitu kikaruka. Si kikubwa, muziki ulijikwaa kidogo tu, kama mtu aliyekosa kidato kimoja cha ngazi. Na Maribel Hayes alikuwa amesimama, anatabasamu, na kofia nyekundu kichwani.

Arnetta alingoja. Alingoja mtu mmoja huko chini aulize. Kulikuwa na wenye maduka, wanasheria, walimu, watu wanaohoji bei ya kila kitu. Hakuna aliyeuliza. Na wangeuliza kwa nini? Tangu filamu ianze watu walikuwa wanaimba barabarani huku fidla zikitoka hewani, na mabaharia walikuwa wanacheza kwa mpango mmoja bila kufundishwa. Mtu aliyeyameza yote hayo hasumbuliwi na kofia. Baharia akaingia, akaiona kofia, akapiga kelele za furaha, na ukumbi mzima wa chini ukapiga makofi.

Alikuwa amekitoa mwenyewe kitu pekee kilichokuwa chake kwenye filamu ile, akakiweka kwenye kichwa cha mwingine.

"Bado?" Luvenia aliuliza.

"Mama."

"Wewe unatokea baada ya hawa?"

"Imepita, mama. Wameikata. Huwa wanaikata huku, nilijua wanaweza, nilishindwa kukuambia." Sauti yake ilimponyoka na watu wa viti vya karibu wakasikia. Habari ikapita kiti hadi kiti, kwa minong'ono, na nyuma yake roshani yote ikanyamaza. Ulikuwa unyamavu wa watu wenye heshima wanaojaribu kutomtazama mtu, na ulimuuma kuliko kicheko.

"Mm-hm," akasema Dada Beulah. Si kwa ubaya sana. Alisema tu.

Luvenia alikaa vilevile, ua la kofia yake limesimama, na Arnetta alitamani mama amfokee, ampige hata kofi mbele ya Mchungaji, chochote. Alitamani kuondoka, lakini ngazi ilikuwa mbali na ingembidi apite magoti ya watu wote wale. Filamu ikaenda. Ikafika dansi ya mwisho. Maribel alipanda jukwaani, askari wakamzunguka, na mapigo ya viatu yakaanza, safi, mepesi, yakijaza jumba.

Luvenia akainamisha kichwa.

Analia, Arnetta aliwaza. Mama yake hakulia kwenye mazishi ya mumewe. Alinyoosha mkono amshike, kisha akaona kwamba hakukuwa na machozi. Luvenia alikuwa ameegemea mbele kidogo, uso umegeukia pembeni, jicho halitazami kitu. Alikuwa amekaa kama alivyosimama dirishani miaka yote ile, na pasi mkononi.

"Nani huyo anagonga?" aliuliza.

"Maribel Hayes, mama. Ndiye nyota."

"Sikukuuliza nani anaruka. Nimeuliza nani anagonga."

Arnetta alifungua mdomo. Akilini akamwona Lindqvist, akaona mlango wa nyuma wa studio, akausikia ulimi wake mwenyewe ukiapa. Roshani ilikuwa na watu wa kujaza kwaya, na hakuna siri iliyowahi kukaa Tarlton hadi Jumatatu. Pango lake la nyumba, kazi yake, kila alichokijenga katika mji ule wa mbali kilikuwa nyuma ya neno moja dogo. Akaufunga mdomo.

Kwenye skrini gauni lilifunguka duara. Gonga, gonga, na kisigino cha kushoto kikakwaruza, kikachelewa, kikatua.

Luvenia alimshika binti yake kifundo cha mkono kwa vile vidole vilivyopinda, na alishika kwa nguvu.

"Huo ni ubao wangu," alisema.

"Mama, siruhusiwi kusema."

"Nani amekuambia useme?"

Wimbo ulikuwa unazunguka, unarudi. Arnetta alijua hasa ungefika lini. Alikuwa ameurudia kwenye chumba kile kimya hadi nyayo zikamuuma. Sakafu ya roshani ilikuwa ya mbao, ya zamani. Aliuweka mguu wake wa kushoto mbele ya kiti, akangoja, na wimbo ulipofika mahali pale akakwaruza. Viatu viwili, cha skrini na cha roshani, vilikwaruza kwa pamoja, vikachelewa pamoja, vikatua pamoja. Hakuwa amesema kitu. Mtu yeyote angeweza kuapa mahakamani kwamba hakusema kitu.

Luvenia akauachia mkono wake, akageuka nyuma na kofia yake mpya.

"Beulah. Fumba macho."

"Nimekuja kuona, Luvenia."

"Umeshaona kuna nini cha kuona. Fumba macho usikilize miguu, na usimwambie mtu yeyote nje ya kanisa hili mpaka ufe."

Dada Beulah alimtazama Luvenia, akautazama mguu wa Arnetta uliokuwa bado umesimama mbele ya kiti. Akashusha pumzi, akafumba macho. Mchungaji Tisdale, aliyekuwa amesikia yote, akafumba yake. Neno likapita kwenye viti kama lile la kwanza lilivyopita, wanakwaya, akina mama wa jikoni, Purnell na suti yake, na mmoja baada ya mwingine wakafumba. Chini, weupe walimtazama Maribel Hayes akizunguka ndani ya kofia nyekundu. Juu, kanisa zima lilikaa gizani macho yamefungwa, likisikiliza, na wimbo uliporudi tena kwenye ule mkwaruzo, Arnetta alimsikia Dada Beulah nyuma yake akisema, polepole, "Mm-hm," na safari hii ilikuwa na maana nyingine kabisa.

Arnetta alibaki peke yake anatazama. Aliitazama miguu ya mwenzake ikipokea makofi, akaona uchungu, maana haki yake haikuwa imerudi na alijua hairudi leo. Kisha mama yake, bila kufumbua, akasema, "Mguu huo," kama zamani. Arnetta naye akafumba macho.